Rangi Kaburini: Jinsi Wataalamu Wanavyotambua Madini, na Namna ya Kutoharibu Ushahidi

Kaburi la kale linapofunuliwa na mifupa ikakutwa imefunikwa unga mwekundu, maneno huanza hapohapo. Mmoja atasema ni damu ya kafara, mwingine atasema ni dawa, wa tatu ataapa kwamba aliyelala pale alikuwa mfalme. Huenda mmoja wao amepatia. Lakini hakuna mwenye haki ya kusema lolote kabla ya swali la kwanza kujibiwa: unga wenyewe ni kitu gani?

Ngeu, udongo wenye oksidi ya chuma, ni nyekundu. Zingefuri, madini ya zebaki na salfa, nayo ni nyekundu. Risasi iliyochomwa kwa ustadi hugeuka rangi ya machungwa inayokaribia wekundu. Na udongo wa kawaida wa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ambao haukupakwa na mkono wa mtu, ni mwekundu pia. Kila kimoja kinabeba historia yake. Ngeu mara nyingi huweza kuchimbwa kilima cha pili. Zingefuri hupatikana mahali pachache duniani, hivyo ikikutwa kaburini kuna msafara au biashara nyuma yake. Risasi nyekundu inahitaji moto na fundi anayejua kuutawala. Udongo wa kawaida hausemi chochote kuhusu mazishi. Anayekosea hapa mwanzoni atakosea simulizi nzima.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye si mkemia: mwalimu, mwandishi wa habari, mtembeleaji wa makumbusho, na hasa fundi au mkulima ambaye jembe lake linaweza kukutana na kaburi la watu wa kale. Yanaeleza jinsi madini ya rangi yanavyotambuliwa, maswali ya kuuliza unaposoma habari za ugunduzi, na mambo ya kufanya kabla mtaalamu hajafika.

Wekundu wa aina mbili

Tuanze na ngeu, kwa sababu ndiyo rangi iliyokutwa katika makaburi mengi kuliko nyingine yoyote. Kinachoipa wekundu ni hematiti, oksidi ya chuma isiyo na maji ndani yake. Ndugu yake wa rangi ya njano ni gethiti, ambayo ina chuma na oksijeni hizohizo lakini imefungamana na maji. Gethiti ikipashwa moto hadi kufikia nyuzi 250 hadi 300 hivi za Selisiasi, maji hutoka, na njano hugeuka nyekundu. Kwa hiyo hata baada ya kujua kwamba unga ni hematiti, bado kuna la kuuliza: ilichimbwa ikiwa nyekundu, au mtu aliichoma kwa makusudi apate wekundu? Au moto uliwashwa juu ya kaburi miaka mingi baadaye na kugeuza udongo uliokuwa chini yake?

Katika pango la Qafzeh, karibu na Nazareti, vipande vya ngeu vimekutwa katika matabaka yenye makaburi ya watu walioishi yapata miaka 90,000 hadi 100,000 iliyopita. Huko Ziwa Mungo, Australia, mwili wa mtu uliogunduliwa mwaka 1974 ulikuwa umenyunyiziwa ngeu miaka 40,000 hivi iliyopita, na ngeu hiyo haipatikani katika eneo lile la kaburi. Mtu aliibeba mpaka pale. Neno hilo moja, kwamba rangi ilibebwa, linatufundisha mengi kuhusu thamani ya yule aliyezikwa kuliko ubishi wowote kuhusu maana ya wekundu, na lisingejulikana kama hakuna aliyelinganisha unga wa kaburini na miamba ya jirani.

Zingefuri ni jambo jingine. Mwaka 1994, huko Palenque kusini mwa Meksiko, wanaakiolojia walifungua jeneza la jiwe ndani ya hekalu linaloitwa Hekalu la XIII. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya mwanamke, vito vya jade, vipande vya malakiti vya barakoa yake, na juu ya vyote unga mzito wa rangi nyekundu kali. Vipimo vilionyesha kuwa ni zingefuri. Tangu hapo mwanamke huyo anaitwa Malkia Mwekundu, na wataalamu wengi wanaamini alikuwa Tz'akbu Ajaw, mke wa mfalme Pakal aliyezikwa katika hekalu la jirani.

Mtu akiweka ngeu na zingefuri, zote zimesagwa vizuri, kwenye viganja viwili, anaweza kuziona zinakaribiana sana. (Asizishike, kwa sababu tutakayoifikia.) Chini ya hadubini tofauti huanza kujitokeza: chembe za zingefuri hung'aa na kupitisha mwanga mwekundu, za ngeu ni ndogo, hafifu, na karibu kila mara zimechanganyika na mfinyanzi na mchanga. Uzito nao husaidia, kwa maana zebaki ni nzito sana. Hata hivyo hayo yote ni dalili, na dalili haitoshi kuandikwa kwenye kibao cha makumbusho.

Tofauti hiyo ina uzito hata kwa afya ya watu waliokufa zamani. Kusini-magharibi mwa Hispania, karibu na Seville, kuna kaburi kubwa la mawe linaloitwa Montelirio, la zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, ambamo zingefuri ilitumika kwa wingi, kwenye kuta na juu ya maiti. Si mbali sana na huko, upande wa kaskazini, iko Almadén, machimbo makubwa kuliko yote ya zingefuri yanayojulikana katika historia. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Steven Emslie walichapisha matokeo ya kupima zebaki katika mifupa ya watu 370 kutoka maeneo 23 ya Hispania na Ureno, katika kipindi cha miaka 5,000 hivi. Viwango vya juu kabisa vilikuwa vya watu wa kati ya mwaka 2900 na 2300 KK, wakati matumizi ya shaba yalipokuwa yakianza huko na zingefuri ikithaminiwa sana.

Hapo pana swali ambalo msomaji makini asiache liteleze. Je, zebaki iliingia mwilini mtu akiwa hai, kwa kuvuta vumbi na kusaga unga huo siku baada ya siku? Au iliingia kwenye mfupa baada ya kifo, kwa kulala ndani ya unga kwa maelfu ya miaka? Jibu hutafutwa kwa kulinganisha: mifupa iliyofunikwa zingefuri na isiyofunikwa, mfupa na udongo uliougusa, watu wa kaburi hili na wa kaburi lile. Taarifa inayotaja kiwango cha zebaki kwenye mfupa bila kutaja ulinganisho wowote imekupa nusu ya habari.

Mashine tatu, na kasoro ya kila moja

Habari nyingi za magazeti husema tu kwamba "wanasayansi walipima kwa teknolojia ya kisasa". Sentensi hiyo haimsaidii msomaji. Mashine zinazotumika zaidi ni za aina tatu, kila moja inajibu swali lake, na kila moja ina mahali inapokosea. Ukizijua utaweza kupima uzito wa taarifa yoyote.

Ya kwanza ni mashine ya eksirei inayotambua elementi. Eksirei ikipiga atomu, hung'oa elektroni ya ndani. Nyingine inaposhuka kuziba pengo, hutoa mnururisho wenye nishati maalumu kwa elementi hiyo. Chuma kina chake, zebaki ina yake, shaba na risasi vilevile. Siku hizi kuna mashine za mkononi ambazo mtafiti anaingia nazo kaburini na kupima ukutani bila kuchukua hata chembe. Mwaka 2023, timu iliyoongozwa na Philippe Martinez ilieleza katika jarida la PLOS ONE jinsi ilivyotumia vifaa vya namna hiyo katika makaburi mawili ya Thebes, Misri, la Menna na la Nakhtamun. Waliona mabadiliko ambayo mafundi wa kale waliyafanya chini ya rangi inayoonekana leo, pamoja na mkono wa Menna uliochorwa upya mahali pengine, na marekebisho kwenye taji na vito vya picha ya Farao Ramesi wa Pili.

Kwa zebaki mashine hii ni hodari: ikiiona kwa wingi kwenye unga mwekundu, hoja ya zingefuri imepata nguvu. Kwa chuma haitoshi kabisa, kwa sababu chuma kiko kila mahali kwenye udongo. Itakuambia jikoni mna unga, maji na mafuta. Haitakuambia kama kilichopikwa ni chapati au maandazi. Tena eksirei hupenya chini ya uso, kwa hiyo kinachosomwa kinaweza kuwa cha tabaka la nyuma au cha mfupa wenyewe.

Ya pili hutumia eksirei pia, lakini kwa namna nyingine: huangalia jinsi miale inavyotawanywa na safu za atomu ndani ya fuwele. Kila madini yana mpangilio wake, na mtawanyiko wake haufanani na wa mengine. Hii ndiyo inayotenganisha hematiti na gethiti bila shaka, na wataalamu waliobobea husoma humo hata dalili za madini yaliyowahi kupashwa moto. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi huhitaji sampuli ya kutosha, na madini yaliyomo kwa kiasi kidogo humezwa na mchanga na chokaa vilivyojaa kaburini.

Ya tatu inaitwa spektroskopia ya Raman, kwa jina la mwanafizikia wa India, Chandrasekhara Venkata Raman, aliyegundua tukio hilo mwaka 1928 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mwanga wa leza huelekezwa kwenye chembe moja, na sehemu ndogo ya mwanga hurudi ikiwa imebadilika kidogo kutokana na mitikisiko ya atomu zilizoungana. Zingefuri hutoa kilele kirefu karibu na namba 253 kwenye grafu ya mtafiti, na kingine karibu na 343. Hematiti hutoa vyake karibu na 225, 292 na 411. Uzuri wake ni kwamba chembe isiyofika hata milimita moja inatosha, na mara nyingi hakuna haja ya kuing'oa ilipo.

Kasoro ya Raman inapaswa kujulikana na kila anayeandika habari hizi. Leza hutoa joto. Ikiwekwa kwa nguvu kupita kiasi juu ya gethiti ya njano, huifukuzia maji na kuigeuza hematiti hapohapo chini ya lenzi. Mtafiti asiyekuwa mwangalifu atatangaza kwamba watu wa kale walitumia rangi nyekundu, ilhali wekundu huo ameuzaa yeye mwenyewe asubuhi ile. Ndiyo maana maabara makini huanza na nguvu ndogo kabisa ya leza na kupandisha polepole.

Kutokana na hayo, kanuni ya kazi ni kutumia angalau njia mbili zisizofanana: moja ya kujua elementi, nyingine ya kujua fuwele. Na juu ya zote mbili kuna hitaji ambalo halina mashine yoyote, nalo ni sampuli ya ulinganisho, udongo uliochukuliwa nje ya kaburi, kwenye tabaka lilelile. Kwa nchi zetu hili ni lazima. Mfupa uliolala kwenye udongo mwekundu kwa miaka 1,000 utakuwa mwekundu hata kama aliyezikwa hakupakwa kitu. Ni pale tu unga wa kaburini unapokuwa na hematiti nyingi kuliko udongo wa nje, au chembe zilizosagwa kwa namna ambayo udongo haukuzisaga, ndipo inaruhusiwa kusema kwamba kuna mtu aliiweka. Ukisoma ripoti isiyotaja udongo wa ulinganisho, shuku.

Rangi ambazo hakuna aliyezipaka

Kaburi lenyewe ni maabara. Mwili unaooza, maji yanayopita, vyuma vinavyokula kutu, vyote hutengeneza madini mapya. Baadhi yana rangi nzuri kiasi cha kumfanya mtu aapie kwamba ni urembo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni vivianiti. Hii ni fosfati ya chuma. Fosfati hutoka kwenye mifupa na nyama, chuma hutoka kwenye udongo au maji. Ikiwa bado mpya haina rangi. Ikikutana na hewa na mwanga hugeuka buluu. Imeonekana kwenye mwili wa Ötzi, yule mtu wa barafuni aliyepatikana mwaka 1991 mpakani mwa Austria na Italia baada ya kulala huko kwa zaidi ya miaka 5,000. Kwa hiyo buluu kwenye mfupa iulizwe mara mbili: ina shaba, au ina chuma na fosforasi? Ya kwanza inaweza kuwa rangi ya mtu. Ya pili karibu daima ni kazi ya kaburi.

Kijani kwenye mfupa wa mkono mara nyingi ni bangili ya shaba iliyooza, na madoa meusi kama yametapakaa ovyo huweza kuwa ni manganizi iliyoletwa na maji. Hayo hayahitaji maelezo marefu, ila yanahitaji kukumbukwa kabla ya kuandika neno "ibada".

Buluu na zambarau zilizopikwa

Kwa upande mwingine, kuna rangi ambazo haziwezi kutokea kaburini kwa bahati. Buluu ya Misri ni mojawapo. Ilianza kutengenezwa takriban miaka 5,000 iliyopita kwa kuchoma pamoja mchanga, chokaa, shaba na magadi, kwenye joto la nyuzi 850 hadi 1,000. Ikikutwa, maana yake kulikuwa na tanuri na watu waliojua kulitunza. Utambuzi wake unapendeza: ikimulikwa kwa mwanga wa kawaida, hutoa miale ya infraredi karibu na nanomita 910, ambayo jicho halioni lakini kamera iliyorekebishwa huiona. Mwanasayansi Giovanni Verri alisaidia kuifanya njia hii ya picha ijulikane, na kwa njia hiyo mabaki madogo mno ya rangi yameonekana juu ya vitu ambavyo kwa macho ni vyeupe kabisa.

China nayo ilikuwa na yake. Wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na Xi'an mwaka 1974 walikutana na jeshi la askari wa udongo walioambatana na kaburi la mfalme Qin Shi Huang, aliyefariki mwaka 210 KK. Askari hao walikuwa wamepakwa rangi: zingefuri kwa nyekundu, malakiti kwa kijani, azuriti kwa buluu, na zambarau ambayo ilipopimwa ilionekana ni silikati ya bari na shaba, kitu kilichotengenezwa na binadamu. Zambarau ya namna hiyo ilielezwa kisayansi na Elisabeth West FitzHugh na Lynda Zycherman mwaka 1992. Lakini askari wengi leo tunawaona na rangi ya udongo tu. Chini ya rangi lilikuwepo tabaka la laka, utomvu wa mti, lililotunza unyevu kwa miaka 2,000. Lilipokutana na hewa kavu lilijikunja na kubanduka pamoja na rangi, kwa dakika chache tu. Kilichodumu zaidi ya karne 20 kiliangamia mbele ya macho ya waliokuja kukiona. Siku hizi wahifadhi huko hunyunyizia rangi dawa na kuitunza katika unyevu mara tu inapofunuliwa, na rangi nyingi zimeokolewa.

Wanja

Msomaji wa pwani anaujua wanja tangu utotoni. Wamisri wa kale waliuzika pamoja na wafu wao, ndani ya vichupa vya alabasta, vya mbao na vya mwanzi, na baadhi ya vichupa hivyo bado vina unga wake. Mwaka 1999, Philippe Walter na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa unga uliotoka kwenye vichupa vilivyohifadhiwa Louvre, Paris. Walitarajia galena, madini meusi ya risasi na salfa, nao waliikuta. Walikuta pia serusiti nyeupe. Kilichowashangaza ni kampaundi nyingine mbili za risasi na klorini, lorioniti na fosjeniti, ambazo ni adimu mno katika maumbile kiasi kwamba Wamisri wasingeweza kuziokota kwa wingi ule.

Zilitengenezwa. Watafiti walionyesha kwamba oksidi ya risasi iliyosagwa, ikichanganywa na maji ya chumvi na kubadilishwa maji siku baada ya siku kwa majuma kadhaa, hutoa kampaundi hizo. Fundi wa miaka 4,000 iliyopita alikuwa akifanya kemia ya majimaji kwa subira kubwa, na tunajua hivyo kwa sababu kuna aliyepima fuwele badala ya kuridhika na neno "wanja mweusi". Baadaye, mwaka 2010, baadhi ya watafiti hao walieleza kwamba kampaundi hizo kwa kiasi kidogo mno huchochea seli za ngozi kutoa oksidi ya nitriki, jambo linaloweza kusaidia mwili kupambana na maambukizi ya macho.

Asitokee mtu akaitumia habari hiyo kuuzia wanja wa risasi. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwenye ubongo. Wanja wenye galena bado unauzwa katika nchi nyingi. Kama chupa haielezi kilichomo, usimpake mtoto.

Risasi nyeupe nayo inastahili neno, kwa sababu ya jambo moja zuri sana. Wanawake wa Ugiriki ya kale walizikwa na vikopo vya poda nyeupe ya uso. Poda hiyo inaweza kuwa serusiti iliyochimbwa ardhini, au risasi nyeupe iliyotengenezwa kwa kuweka madini ya risasi karibu na siki. Kwa mashine za kutambua fuwele, serusiti ya ardhini na ya siki zinaweza kufanana kabisa. Lakini ile ya siki hufyonza hewa ya ukaa kutoka kwenye vitu vinavyochachuka, na kwa hiyo hubeba kaboni-14 ya siku zake. Ile ya mwamba ina umri mkubwa mno na kaboni-14 yake imekwisha. Mwaka 2018, Lucile Beck na wenzake huko Ufaransa walitumia njia hiyo kupima vipodozi vya Misri na Ugiriki. Kwa kipimo kimoja walijua kama poda ilitengenezwa na mtu, na ilitengenezwa lini.

Madini yakijulikana, bado mtu anaweza kukosea

Mwaka 1823, William Buckland wa Chuo Kikuu cha Oxford alifukua mifupa iliyopakwa rangi nyekundu katika pango la Paviland, pwani ya Wales. Kuhusu rangi alipatia: ilikuwa ngeu. Kuhusu mtu alikosea karibu kila kitu. Alisema ni mwanamke wa enzi za Warumi, na jina la Mwanamke Mwekundu likabaki. Leo tunajua alikuwa kijana wa kiume, aliyezikwa yapata miaka 33,000 iliyopita. Jina la madini halitoi jinsia, halitoi umri, wala halitoi imani ya mtu. Linafunga milango ya makisio ya uongo, na kuacha michache iliyo wazi kwa ajili ya vipimo vingine.

Ukikutana na kaburi la kale

Kila nilichokieleza hapo juu kinategemea mtu wa kwanza kufika. Mara nyingi huyo si mtaalamu. Ni fundi anayechimba msingi, mama anayechota udongo wa kukandikia, kijana anayefukua mchanga mtoni.

Acha kuchimba. Usiisafishe mifupa, usiimwagie maji, usiipanguse kwa brashi wala kitambaa. Unga unaotaka kuuondoa ndio ushahidi. Usipake vanishi wala gundi ili "isiharibike", kwa sababu gundi huvuruga usomaji wa leza na kuzuia kutambuliwa kwa mafuta au utomvu uliochanganywa na rangi. Usiguse unga wowote wenye rangi kwa mkono mtupu, usiunuse, na kamwe usiuchome ili kuona kama ni dhahabu. Zingefuri ikichomwa hutoa mvuke wa zebaki, ule ule unaowadhuru wachimbaji wadogo wa dhahabu. Rangi ya manjano inayong'aa inaweza kuwa madini ya arseniki, na nyeupe inaweza kuwa risasi.

Piga picha, ukiweka pembeni rula au kitu chenye ukubwa unaojulikana. Piga kwa mwanga wa mchana, na upige pia udongo wa pembeni. Kisha weka kivuli: turubai, bati, majani ya mnazi, chochote kisichogusa mifupa. Kama mvua inakuja, rudishia udongo uleule taratibu. Usibebe kipande kwenda nacho nyumbani hata kwa nia njema, maana mfupa uliohamishwa umepoteza udongo wake wa kulinganishwa.

Subira hiyo si ya kufikirika tu. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, mifupa ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu ilikuwa dhaifu kiasi cha kuwa unga. Badala ya kuing'oa, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nje waliufunika udongo wote kwa plasta, wakabeba bonge zima hadi Nairobi, na baadaye hadi maabara ya Burgos, Hispania, ambako lilifukuliwa polepole. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: kaburi la miaka 78,000, la kale kuliko yote ya binadamu wa sasa yanayojulikana barani Afrika. Mtoto huyo alipewa jina la Mtoto. Kwa jembe la haraka asingejulikana kamwe.

Na tuwakumbuke walio hai. Mabaki ya yule mtu wa Ziwa Mungo yalirejeshwa kwa wenyeji wa eneo lile mwaka 2017, baada ya miaka zaidi ya 40 katika mji mkuu wa Australia. Penye kaburi, hata la kale mno, wazee wa mahali hapo waambiwe na wasikilizwe kabla sampuli haijachukuliwa, na waelezwe ni kiasi gani kinachukuliwa na kitarudi lini.

Kama mifupa inaonekana ya karibuni, taarifa ya kwanza ni ya polisi. Kama ni ya kale, mwone mtendaji wa kijiji au chifu, naye apeleke taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya au makumbusho iliyo jirani. Nchini Tanzania mwenye dhamana ni Idara ya Mambo ya Kale, kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Nchini Kenya ni Makumbusho ya Taifa, kwa sheria ya urithi ya mwaka 2006. Sheria zote mbili zinamtaka aliyegundua atoe taarifa, na zinakataza kuuza au kusafirisha vitu hivyo nje bila kibali. Andika tarehe, saa na mahali, waachie namba yako ya simu, na umweke mtu wa kulinda mpaka wafike.